Kabla hujabadilisha kanista, piga moshi: mvuke wa petroli unavyovuja kwenye gari la zamani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Syracuse, jimbo la New York hapa Marekani, kaniandikia inbox, gari lake Subaru la 2006, taa ya chek injini imewaka, gereji wamempimia kompyuta wakamwambia kodi (ile namba ya hitilafu) ni P0442, kanista, boksi linaloshika mvuke wa petroli, imekufa, alete dola karibu 900. Inspeksheni, ule ukaguzi wa lazima wa gari, inaisha mwezi huu. Akaniuliza, "kaka, nilipe au niuze hili gari?" Aisee nilivyosoma nikahisi damu inapanda, maana hiyo hadithi naijua, ilinipata mimi hapa Buffalo, jimbo hilo hilo, na mpaka leo nikipita mbele ya ile gereji naangalia upande wa pili. Nilimjibu usilipe kwanza, gari lipigwe moshi, yaani moshi usukumwe kwenye njia za mvuke uonekane unatokea wapi. Sasa naandika kirefu kwa sababu najua wako wengi wenye magari ya umri huo, na sote tunataka kitu kimoja, gari lifike maili laki mbili na nusu bila kuingia kwenye mkopo wa mtu.

Tuanze na hiyo kodi maana hapo ndo watu wanaibiwa. P0442 haisemi kanista. Haisemi kifaa chochote. Inasema tu kwamba kwenye mfumo wa mvuke wa petroli kuna mahali panavuja kidogo, basi. P0456 ni tundu dogo zaidi, kama nusu milimita, na P0455 ni mvujo mkubwa. Mfumo wenyewe hauna maajabu: petroli ndani ya tenki inatoa mvuke muda wote hasa jua likiwaka, na mvuke huo ukiachwa uende hewani unachangia ule moshi mchafu wa mijini, kwa hiyo California wakaanza kuwabana watengenezaji kwenye magari ya 1970 na mwaka uliofuata ikawa Marekani nzima. Mvuke unaenda kwenye kanista, boksi lenye mkaa ndani, unashikwa pale, halafu injini ikiwaka inaunyonya na kuuchoma. Kuna vali ya kunyonya huku mbele karibu na injini, kuna vali ya hewa kule nyuma kwenye kanista, mipira na paipu katikati, na kifuniko cha tenki. Tangu 1996 kompyuta ya gari inajipima yenyewe: inafunga vali ya hewa, inaacha injini inyonye, inafunga kila kitu halafu sensa ya tenki inaangalia kama ule mvuto unabaki au unapotea. Ukipotea, na safari nyingine ukapotea tena, taa inawaka. Gari lako halipungui nguvu, haliungui, linatembea vizuri tu, ndo maana inauma kulipia.

Langu mimi ni Subaru Forester la 2005, hizi hizi mnazoziona zimejaa Dar na Nairobi, tofauti yangu limekula chumvi. Hapa kuanzia Novemba barabara zinamwagiwa chumvi kwa ajili ya barafu, na chumvi ikishaingia chini ya gari haitoki kirahisi. Taa ikawaka na P0456, nikaenda gereji moja yenye bango zuri na kahawa ya bure. Jamaa wa kaunta akachomeka skana ya kusoma kodi, hata gari halijapandishwa juu, akarudi na karatasi: kanista, dola 640 na kazi. Nikalipa. Nilikuwa na zamu mbili za usiku wiki ile, sikuwa na nguvu za kubishana na mtu anayeongea haraka namna ile. Siku chache baadaye taa ikarudi. Nilivyorudi kwao akaniambia, huku anaangalia simu yake, kwamba kanista ilikuwa mbovu kweli ila "kuna kitu kingine pia", na kwa umri wa gari langu ningefikiria kununua lingine. Hakusema samahani. Hela zile zilikuwa za kutuma nyumbani, ndugu zangu, mnaelewa.

Basi nikaamua sitampa mtu yeyote hela mpaka nione kwa macho yangu panapovuja. Na hilo ndo neno langu lote kwenye hii makala, mengine ni maelezo tu: uone kwanza, ndo ununue.

Nikaanza na kifuniko maana ni rahisi. Usikiangalie juu juu, fungua, pitisha kidole kwenye ule mpira wake wa duara, ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu kama wa soda ya zamani weka kipya, na nunua cha kampuni iliyotengeneza gari lako, hivi vya bei chee vingine havikazi vizuri. Angalia na mdomo wa paipu pale kinapokaa, kama kuna kutu imeinuka kifuniko kipya hakitasaidia kitu. Langu kifuniko kilikuwa kizima.

Halafu vali ya kunyonya. Hii unaipima bila kifaa: injini ikiwa ya baridi na inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, chomoa mpira unaotoka upande wa kanista, weka kidole pale kwenye vali. Injini ikiwa bado baridi hivyo hapatakiwi kuwe na mvuto. Ukisikia inakunyonya kidole maana yake vali haifungi, na hiyo ni spea ya bei ya kawaida unabadilisha mwenyewe na bisibisi. Yangu nzima pia. Mipira ya mbele nikaikunja kunja kuona kama imepasuka, ya magari ya miaka hii inakauka kwenye maungio, nikakuta salama.

Hapo sasa nikabaki na nyuma, na nyuma ndo kwenye chumvi. Kuna kitu nilikuwa nakisikia muda mrefu nikakipuuza, nikijaza mafuta mpaka juu nasikia harufu ya petroli upande wa kulia nyuma, inakaa kama nusu saa inapotea. Watu wengi harufu hiyo wanadhani wamemwagia mikono. Usiipuuze. Harufu baada ya kujaza inakwambia kitu kuhusu juu ya tenki au paipu ya kujazia, wakati harufu ya kila saa ni habari nyingine kabisa, hiyo inaweza kuwa petroli yenyewe inavuja na hapo unaacha kila kitu unaenda kwa fundi leo leo.

Rafiki yangu mmoja Mkongo ana gereji ndogo nyuma ya nyumba yake, ana mashine ya moshi. Hii mashine inapasha moto mafuta mepesi ya madini inatoa moshi mweupe mzito, unausukuma ndani ya mfumo kwa presha ndogo sana, chini ya psi moja, halafu unakaa unatafuta unatokea wapi. Tafadhali msichukue kompresa ya tairi mkapulizia kwenye tenki! Presha yake inapasua vitu, na hewa ya kawaida ikichanganyika na mvuke wa petroli kisha ipate cheche, sitaki hata kuandika. Gereji za maana zinasukuma moshi huo kwa naitrojeni. Tukafanya kazi nje, betri tumeichomoa, hakuna sigara, tochi ya LED siyo taa ya balbu.

Tukaingiza moshi kwenye ule mpira wa mbele unaoelekea kanista, tukaziba njia ya vali ya hewa nyuma maana hiyo kwa kawaida inakaa wazi na moshi wote ungetokea pale, na kifuniko cha tenki tukakiacha wazi kwanza. Hii ya kifuniko wengi hawaijui. Ukikifunga tangu mwanzo ile hewa iliyomo ndani haina pa kwenda na moshi haufiki mwisho, unaweza ukasimama pale ukasema gari zima halivuji. Subiri moshi utoke mdomoni mwa tenki, ndo ufunge.

Tulivyofunga tukakaa kimya tunamulika. Kanista mpya, hakuna kitu. Juu ya tenki hakuna. Halafu yule rafiki yangu akasema "yaya, angalia hapa" (kwao yaya ni kaka), nyuma ya tairi la kulia, kwenye ukingo wa plastiki ya madigadi, kuna kauzi kembamba ka moshi kanapanda kama wa udi. Mimi nilicheka peke yangu pale chini. Dola 640!

Tukatoa tairi, tukatoa klipu za ile plastiki, nusu zilivunjika, na hapo ndo utaelewa kwa nini Subaru za miaka hii zinajulikana kwa ugonjwa huu huku kwenye theluji. Paipu ya kujazia mafuta ni ya chuma, inapita nyuma ya tairi, na imevalishwa kava la kuilinda. Hilo kava ndo linaloiua. Mchanga na chumvi vinaingia katikati ya kava na paipu, vinakaa na unyevu mwaka mzima, vinakula chuma na wewe huoni. Tulivyolitoa, paipu ilikuwa na magamba ya kutu mekundu, nikagonga kidogo na mpini wa bisibisi yakaanguka kwenye sakafu, na chini yake tundu ambalo sindano inapita kwa shida. Na lilikuwa linakua, maana mwishoni skana ilikuwa imeacha kusema P0456 ikawa inasema P0442.

Paipu mpya siyo ya kampuni ilikuwa chini ya dola 100, na mpira wa kuiunganisha na tenki nao nikabadilisha na klempu zake kwa sababu ukishaugusa ule wa zamani hauzibi tena. Fanya hii kazi tenki likiwa chini ya robo. Kabla ya kufunga nikaipaka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, na kava nikalirudisha limeoshwa.

Sasa wengi wanaharibu hapa: unatengeneza, unafuta kodi asubuhi, mchana unakimbilia inspeksheni, wanakurudisha. Ukifuta kodi kompyuta inasahau vipimo vyake vyote na inaanza upya, na kwa gari la 2001 na kuendelea jimbo letu la New York wanakubali kipimo kimoja tu kiwe hakijakamilika. Kipimo cha mvuke ndo kinachochelewa kuliko vyote. Kinataka gari limelala usiku kucha limepoa, tenki lisiwe tupu wala lisijae, shikilia kati ya robo na robo tatu, na siku isiwe ya baridi kali. Kwa hiyo dada yangu wa Syracuse na wengine wote, msisubiri wiki ya mwisho ya stika, na msifanye hii kazi Januari mkategemea majibu haraka. Skana ya dola 25 inayoongea na simu inakuonyesha kipimo kipi kimekamilika, nunueni, ni aibu mtu mzima ana gari la miaka ishirini hana skana.

Na gereji nao muwaulize kabla ya kutoa kadi: umepiga moshi? Umeona umetokea wapi? Naomba unionyeshe. Fundi mkweli hatakasirika, atakuita chini ya gari. Akianza kuongea kuhusu umri wa gari lako, chukua funguo zako. Gharama ya kupiga moshi peke yake hapa kwetu ni kama dola 100 hadi 150, na ni bora mara mia kuliko kubahatisha spea moja baada ya nyingine kwa hela yako.

Wenye Honda CR-V za 2002 hadi 2006, nyie anzeni kwenye vali ya hewa iliyofungwa na kanista chini ya gari, inashika kutu na haifungi, bolti zake zikivutwa kwa nguvu zinakatika kwa hiyo zipulizieni mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kabla. Na gari lolote lile, pampu ikikata yenyewe kituoni, acha. Ile tabia ya kubonyeza tena na tena ili bei ifike namba nzima inapeleka petroli yenyewe kwenye kanista, mkaa unaloa, na hapo kweli utahitaji kanista.