Barua kwa mwanangu mwenye anapiga foto za nyumba tupu

Mama yangu (unabeba jina la mama mzazi wangu, nitakuita hivi hata ufike miaka 50),

Nimepata barua yako na zile foto. Unasema kule Kipushi uliingia nyumba moja ya zamani, bati zilishaenda, mti umeota katikati ya salon, na kwenye kona kulikuwa mama mmoja ameanika mihogo yake, sasa unaniuliza kama ungengojea atoke ndiyo upige ama ungemwacha ndani ya foto. Sawa. Lakini mimi nataka kujua kwanza uliingia vipi. Ulipiga hodi?

Najua utasema hodi kwa mlango gani, mlango wenyewe ulishachomwa zamani. Piga hodi tu. Nyumba hata isiwe na bati, hata isiwe na dirisha, unasimama inje, unasema hodi, unangoja. Nawaambiaga hii tangu mko wadogo na sitaacha. Kama kuna sentineli na anakukatalia, unamshukuru, unarudi siku ingine.

Na hilo neno lako, eti nyumba "imeachwa", silipendi. Hapo hapo Kipushi mgodi ulifungwa 1993, watu wakasema umekufa, kumbe miaka yote ile pampu zilikuwa zinavuta maji kule chini na watu wanazichunga, hadi 2011 zikashindwa maji yakapanda, na 2024 mgodi ukaanza tena kutoa. Mtu angepita pale mwaka 2000 na apareyi yake ya foto angeandika nini chini ya foto? Umeachwa? Na wale wa pampu je?

Sasa ile foto ya salon yetu, yenye mnaonyeshaga wageni. Sikuwaambia yote.

Unajua volkano ya Nyiragongo ilitoka kwetu Goma tarehe 17 Januari 2002 na tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, wewe mgongoni mwa mama yako. Siku chache tu nikarudi peke yangu, makoro, yale mawe ya lava, yalikuwa bado moto yanachoma soli ya kiatu, moshi unatoka kwenye mipasuko, lava ilikuwa imekata mji hadi ziwani, imefunika kipande cha uwanja wa ndege, kanisa kuu Saint-Joseph limeisha. Nilikuwa na filimu mbili. Upande wa mtaa wa Birere nikaona ile nyumba, chini yote imezama, etaji peke yake ndiyo iko juu, dirisha limekuwa mlango, unaingia bila kupanda ngazi. Na kwenye dirisha mzee amekaa, miguu juu ya makoro. Mimi bila hata salamu nikamwambia, "Mzee, sogea kidogo, unaniharibia foto."

Akasogea. Hakusema kitu. Akaja kusimama nyuma yangu, akangoja nimalize, sawa vile mtu anangojaga zamu yake kwa studio. Nikapiga tatu, ya pili ndiyo iko salon.

Kama miezi minne nyuma ya siku ile akakuja studio yangu, alisikia ni mimi nilipiga nyumba yake. Foto zake zote zilichomeka, za ndoa, za watoto, alitaka hata hiyo moja. Nikamtolea kubwa, bure, nilikuwa najivunia kabisa. Akaiangalia, akaiangalia, akaweka kidole pale kwa dirisha akaniuliza, "Na mimi niko wapi?"

Nikamwambia mzee twende sasa hivi nikupige pale pale. Akasema hapana, akakunja foto yake, akashukuru, akaenda. Jina lake sikuuliza.

Kuna siku najitetea. Nasema foto na mzee ndani ingekuwa foto ya mzee, lakini bila yeye lile dirisha linakuvuta, mtu akifika salon ananyamaza mbele yake, wewe mwenyewe ulianza kupenda apareyi juu ya hiyo foto. Ni nzuri, siwezi kudanganya. Halafu usiku naona vile alinyanyuka na mikono yote miwili kwenye magoti, kwake mwenyewe, sababu kijana mmoja na apareyi amesema sogea.

Jibu la swali lako niko nalo, iko hapa kwa ulimi. Mama yako amekaa kando anasema niache, wewe ni mtu mkubwa, macho ni yako. Basi naacha. Ila ile foto yenye mkono wake unaonekana peke yake juu ya mihogo, hiyo uliipiga mbele ya kumsalimia ama nyuma? Mimi najua.

Kipushi na Lubumbashi ni kilomita 30 tu. Toa ile foto kwa karatasi, ongeza sukari kidogo, umpelekee, na upige hodi. Halafu uniandikie anaitwa nani.

Baba yako