SAT ukiwa bweni bila simu

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia na hisabati), shule ya bweni ya wasichana. Nataka kuomba vyuo vya Marekani na nimeambiwa nitahitaji SAT, mtihani wao wa Kiingereza na hisabati. Shida yangu ni muda. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri, usafi, mstarini, vipindi hadi mchana, halafu prepo mpaka saa nne usiku. Simu haziruhusiwi, kompyuta za shule ni za zamu, na Jumamosi kuna majaribio. Nitajiandaa saa ngapi bila kuharibu mtihani wa taifa wa NECTA?

Jibu: Marahaba binti. Kabla ya kutafuta muda, tafuta tarehe, maana wengi wanaoshindwa kubeba mitihani miwili wameipanga ikagongana. SAT huwa na tarehe kadhaa kwa mwaka, Jumamosi, kati ya Agosti na Juni. Machi na Mei ukiwa kidato cha sita zifute kabisa: hapo kuna mock na mtihani wenyewe wa taifa. Zinabaki njia mbili. Ukitaka kuingia chuo mwaka uleule unaomaliza shule, matokeo ya SAT yawepo ifikapo Desemba ya kidato cha sita, kwa kuwa vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari. Ukikubali kukaa mwaka mmoja nyumbani, fanya Agosti au Oktoba baada ya kumaliza. Mimi ningengoja, kwa sababu utaomba ukiwa na matokeo ya kidato cha sita mkononi. Ila kama jina lako litatoka kwenye orodha ya JKT, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, huenda Agosti ikakukuta kambini, hivyo lenga Oktoba.

Sasa muda. Tangu 2023 watahiniwa wa nje ya Marekani wanaufanya kwenye kompyuta, kwa programu ya Bluebook: saa 2 na dakika 14, maswali 98. Kiingereza kina sehemu mbili, kila moja maswali 27 kwa dakika 32. Hisabati nayo sehemu mbili, maswali 22 kwa dakika 35 kila moja. Kusikia kompyuta ndiko kunakowavunja moyo watoto wa bweni, lakini kinachohitaji kompyuta kweli ni kuzoea kusoma kwenye skrini na kutumia kikokotoo cha Desmos kilichomo humo ndani. Mengine yote yanafanyika kwa karatasi na penseli. College Board, wenye mtihani, wameweka pepa za mazoezi bure kwenye tovuti yao, na zinachapishika. Likizo hii chapisha mbili au tatu, urudi nazo shuleni kama unavyorudi na madesa mengine.

Pepa nzima haiingii kwenye prepo, kwa hiyo ikate. Kwa Kiingereza, fanya maswali 9 kwa mkao mmoja, dakika 11 kwa saa ya mkononi. Dakika 9 zinazofuata, sahihisha, na kwa kila ulilokosa andika mstari mmoja daftarini: kilichokupotosha ni nini? Jumla dakika 20, siku tatu kwa wiki. Zifanye mwanzoni mwa prepo, wakati ambapo wenzako bado wanatafuta viti na kunong'onezana. Dakika hizo hupotea hata hivyo. Usiku wa manane usiuguse. Anayekesha na SAT husinzia kwenye kipindi cha fizikia, na hapo NECTA ndiyo inayolipa.

Uzito mkubwa uweke kwenye Kiingereza. Wewe ni PCM, na hisabati ya SAT iko chini ya Advanced Mathematics unayosoma kila siku: aljebra, uwiano na asilimia, takwimu, jiometri na trigonometria kidogo. Kinachowaangusha wanafunzi wetu ni mazoea. NECTA inatoa alama za njia, SAT inaangalia jibu tu. Chukua swali hili: kama 4x + 6 = 18, thamani ya 2x + 3 ni ngapi? Mwanafunzi wetu atahamisha 6, atapata x = 3, atarudisha, ataandika 9, na amejaza robo ukurasa. Mwenzake ataona kwamba 2x + 3 ni nusu ya 4x + 6, basi ni 9, anaendelea. Zoezi lako la hisabati liwe hilo: kabla ya kuandika chochote, soma swali linataka nini hasa.

Upande wa Kiingereza, anza na alama za uandishi. Kanuni zake ni chache na zinajirudia. Kwa mfano, sentensi mbili kamili haziungwi kwa koma peke yake. Zinataka nukta, nukta mkato, au koma pamoja na kiunganishi. Ukizishika hizo, alama zinaanza kupanda haraka kuliko kukariri misamiati mia tano, kazi ambayo siipendekezi kabisa.

Likizo ndiyo ya Bluebook. Azima laptopu, fanya mtihani kamili kwa mkao mmoja, kisha siku mbili za kusahihisha kabla ya kufanya mwingine. Mtandao ukikatika katikati usiogope, programu inaendelea. Inauhitaji wakati wa kuanza na wa kutuma majibu. Utagundua kwamba sehemu ya pili hubadilika kulingana na ulivyofanya ya kwanza: ukifanya vizuri inakuja ngumu zaidi, na humo ndimo alama za juu zilimo. Kwa hiyo sehemu ya kwanza usikimbilie kumaliza. Jibu baya halipunguzi alama, basi usiache swali wazi.

Mambo ya makaratasi mwachie mzazi aanze mapema: pasipoti, na ada, ambayo kwa mtahiniwa wa nje inapita dola 100. Vituo ni vichache, vingi viko shule za kimataifa, na nafasi hujaa. Ukiamua kufanya ukiwa bado shuleni, kamwone mwalimu wa taaluma miezi miwili kabla ukiwa na karatasi ya usajili, umwombe ruhusa ya Jumamosi hiyo pamoja na Ijumaa ya kusafiri.