Tafi amenidunga, nimpike ama nimtupe?

SWALI: Hamjambo. Jumamosi nilinunua samaki wa pwani hapa tao, muuzaji akaniambia anaitwa tafi. Nikiwa namtoa matumbo mwiba ukanidunga kidole gumba, na wallahi uchungu haukuwa wa kawaida, mkono ulifura mpaka kwa kiwiko na samaki mwenyewe alikuwa amekufa kitambo! Sasa mzee amekataa kumla ati ana sumu. Ni kweli? Na huyu samaki anatoka wapi hasa? – Mama Njeri, Umoja

JIBU: Pole sana mama. Sumu iko, ila iko kwa miba tu, nyama haina shida, kwa hivyo mwambie mzee aosha mikono akae mezani. Tafi ana miba 13 mgongoni, 7 huku chini kuelekea mkia, na kila pezi la tumboni lina 2, sasa wewe ukimshika vile umezoea kushika tilapia lazima akupate. Akifa sumu haipotei hapo hapo, ndio maana bado alikuweza.

Siku nyingine ikitokea, toa kipande cha mwiba kama kimebaki ndani halafu tumbukiza mkono kwa maji moto, moto ule unaweza kuvumilia bila kuungua (yapime kwanza na ule mkono mwingine haujadungwa), ukae nusu saa ama zaidi, kwa sababu sumu yenyewe ni protini na joto linaiharibu. Hata jikoni ni hivyo hivyo. Ukiona pumzi inakuwa ngumu ama uvimbe haushuki, usingoje, enda hospitali.

Kwao sasa. Tafi wetu, wataalamu wanamwita Siganus sutor, anapatikana upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi pekee. Anakaa maji mafupi kati ya ufuo na mwamba, kwenye majani ya bahari na matumbawe, na kazi yake mchana ni kula mwani na hayo majani, kitu ambacho binafsi naona watu hawampi sifa ya kutosha maana mwani ukiachwa unajaa mpaka matumbawe machanga yanakosa pa kushika. Usiku ama akishtuka anageuka rangi, anakuwa mabakamabaka, huwezi kumtofautisha na majani. Wavuvi wa Kwale humtega kwa malema, ile mitego ya kusukwa.

Ukienda tena mwambie muuzaji amkate mapezi yote na makasi kabla hajakufungia.