Maswali ya wasomaji: Niko fildi, bosi anataka video ya kampuni na mimi nina simu tu

SWALI: Dada shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Mbeya, nasomea masoko, sasa hivi niko fildi ya wiki nane kwenye kampuni inayonunua parachichi kwa wakulima huko Rungwe. Juzi meneja kaniita ofisini akaniambia nyie vijana ndo mnajua haya mambo, tutengenezee video ya kampuni, dakika tano, ionyeshe kila kitu, Ijumaa ijayo naitaka. Bajeti hamna, kamera hamna, nina Tecno yangu na bando la kuungaunga. Sijawahi kutengeneza video ya maana zaidi ya bethidei ya rumeti wangu, na supavaiza wa chuo anakuja wiki hiyohiyo kunikagua. Nianzie wapi? Nakosa usingizi dada.
*Mwanafunzi, Uyole*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, hiyo presha naijua maana nimeipitia.

Usianze na simu, rudi kwanza kwa meneja umuulize swali moja tu, hii video ataiangalia nani. Atakwambia watu wote. Mbane kidogo kwa heshima, muulize mzee, hasa hasa ni mnunuzi wa nje au ni mkulima wa Kiwira ambaye hajaamua bado amuuzie nani parachichi zake? Hao ni watu wawili tofauti kabisa. Mnunuzi anataka kuona usafi, mizani, namna tunda linavyoshikwa na linavyopangwa kwenye kreti, mkulima yeye anataka kujua bei inapangwaje na hela inaingia lini, sasa ukiwachanganya kwenye video moja hakuna atakayeona chake. Akishachagua mmoja, muombe dakika moja na nusu badala ya tano. Dakika tano ni ndefu mno kwa mtu anayeangalia kwenye simu, ataiacha kabla hata hamjafika ghalani. Usimbishie kwa maneno, mwonyeshe video tatu za kampuni zinazofanana na yenu halafu angalia atachoka saa ngapi.

Halafu skripti. Najua kichwani tayari unayo ile sentensi ya karibu katika kampuni yetu inayoongoza kwa ubora, kila mtu anaianza hivyo, itoe. Anza na mkono. Nakupa mfano wa huko huko kwenu: mchumaji mzuri wa parachichi za aina ya Hass halivuti tunda, analikata kwa mkasi na kuacha kikonyo kidogo, kwa sababu ukilinyofoa pale juu panabaki kidonda na uozo unaingilia hapohapo, na parachichi haliivi mtini, linaiva likishachumwa, kwa hiyo safari nzima mpaka kwa mlaji inategemea huo mkato. Sogeza simu karibu kabisa, mkasi, kikonyo, klik, tunda linaingia kwenye mfuko wa mchumaji. Sekunde sita. Mnunuzi akiona hizo sekunde sita ameshajua nyie ni watu wa namna gani na hamjasema neno ubora hata mara moja. Maneno ya kusoma yasizidi mia moja na kidogo kwa dakika, maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, ukizidisha utasoma kama mtangazaji wa mpira.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri kuliko kote. Watu. Siku ya kwanza nenda bila kurekodi. Simu iache mfukoni, salimia, ugonile, kaa nao, beba kreti mbili tatu, waambie mimi ni mwanafunzi, kesho kutwa nakuja kurekodi video ya kampuni, itaonekana mtandaoni, nani yuko tayari na nani hataki. Wakati niko fildi kampuni moja Iringa, miaka mingi kidogo, sikufanya hivyo. Walikuwa wanachambua maharage, nikamkuta mama mmoja anapepeta, jua la saa moja na nusu linapita kwenye vumbi la maharage, ungo unapanda unashuka, nikasema hii ndiyo, nikarekodi kwa mbali yeye hana habari. Picha ikawa nzuri kweli, kampuni ikaitoa kwenye video ikaichapa kwenye bango kubwa pale barabarani. Ile siku yule mama alikuwa amevaa kanga ya kazini, imechanika begani. Watoto wake walikuwa wanapita chini ya lile bango kwenda shule na wenzao wanawaonyesha kidole. Alinifuata hakugomba, aliniambia tu, mwanangu ungeniambia ningevaa ile nyingine. Nilienda kuomba bango lishushwe nikaambiwa limeshalipiwa. Lilikaa pale mpaka mkataba wake ukaisha.

Kwa hiyo waambie mapema, hata kama ni ili wavae ile nyingine. Na siyo uungwana tu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 2023, na sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake, mwambie itatumika wapi halafu akubali mwenyewe. Andaa karatasi moja ya Kiswahili chepesi, jina, tarehe, video itatumika wapi, sahihi au dole gumba, na asiyetaka usimlazimishe wala usimpeleke kwa meneja, geuza kamera upande mwingine. Watoto shambani usiwarekodi kabisa, hata kama wamekuja tu kumletea mama yao chakula. Na kama mchumaji hana buti au glovu, usimfiche kwa kuchagua engo, mwambie meneja kabla ya siku ya kurekodi, labda ndiyo siku watazipata.

Mambo ya ufundi sasa, haya ni mepesi. Futa lenzi, kwa kitambaa cha pamba, kila baada ya muda, mkono wenye utomvu ukishika simu picha yote inakuwa ya ukungu na utadhani ni hali ya hewa. Laza simu kama inaenda kwa mnunuzi kwa barua pepe au kwenye projekta, isimamishe kama inaenda status na TikTok, amua mapema maana kuigeuza baadaye unakata vichwa vya watu. Ubora wa video weka 1080p inatosha sana, 4K itakumalizia nafasi kwenye simu kabla ya saa sita mchana. Kila klipu ishikilie sekunde kumi bila kutembea, simu iegemeze kwenye kreti. Usizumu, sogea.

Rungwe ina mvua hiyo, unaijua. Asubuhi ukungu ukiwa bado haujapanda picha za shamba zinakuwa laini na nzuri mno, fanya shamba hapo, saa sita jua la utosini linaweka kivuli machoni kwa kila mwenye kofia. Ila mahojiano usiyafanye kwenye ghala la bati, mvua ikianza hata ya manyunyu hutasikia neno. Ingia chumba chenye mapazia, au hata ndani ya gari la kampuni limezimwa, gari ni studio nzuri kuliko watu wanavyodhani. Chukua simu ya pili ya rafiki, iwashe rekoda ya sauti, iweke mfuko wa shati wa anayeongea, maiki ikiwa juu, halafu gonganisha viganja mara moja mbele ya kamera ili baadaye ulinganishe sauti na picha. Mkulima muulize swali ambalo hawezi kujibu ndiyo. Usimuulize unaridhika na kampuni, muulize msimu uliopita hela ya parachichi ulifanyia nini, halafu nyamaza, hata akikaa kimya nyamaza tu, jibu zuri linakuja baada ya kile kimya.

Kuediti, app ya CapCut kwenye simu inakutosha. Weka maandishi chini maana wengi wanaangalia bila sauti, kwenye daladala, ofisini. Wimbo wa msanii anayetamba sasa hivi usiuweke hata meneja akiupenda, hiyo ni biashara na kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na YouTube yenyewe inautambua wimbo na inaweza kuizuia video yako, wao wana maktaba ya muziki wa bure, chagua humo. Au acha sauti za kazi zenyewe, mkasi, kreti, mizani.

Jumatano mpe meneja rasimu isiyo na muziki wala madoido, akatae mapema. Ukimtumia kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama video ya kawaida inabanwa na atasema simu yako mbovu. Klipu zote ghafi zihamishie kwenye kompyuta ya ofisi siku hiyohiyo. Na kila siku andika kwenye logibuku ulichofanya, supavaiza akija mwonyeshe skripti, zile karatasi za ridhaa na rasimu, hiyo ndiyo fildi yenyewe.

SWALI: Dada habari. Nilimaliza fildi mwaka jana kampuni moja Mafinga, niliwatengenezea video, mpaka leo wanaitumia na jina langu halipo, na wala hawakunilipa kitu. Nina haki ya kudai?
*Msomaji, Mafinga*

JIBU: Inauma, na una haki ya kuulizia. Anza kwa kusoma barua uliyopokelewa nayo na fomu za chuo, angalia kama kuna mahali pameandikwa kazi utakazofanya ni mali ya nani. Kama hamkuandikiana kitu usianze na vitisho, waandikie barua ya heshima uombe vitu viwili, jina lako liwekwe mwishoni mwa video, na ruhusa ya maandishi ya kuionyesha unapoomba kazi. Hivyo viwili havigharimu kampuni hata shilingi, na kwako ni kazi ijayo. Kama wanakata vipande vipya kutoka kwenye klipu zako kwa matangazo mengine, hapo nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukiwa na klipu ghafi zenye tarehe, wakueleze umesimama wapi. Mnaoingia fildi sasa, hayo mawili yaombeni kabla ya kuwasha kamera.

SWALI: Nikirekodi ndani ya ofisi yetu ukutani inatokea mistari myeusi inayotembea, simu ni mbovu?
*Msomaji, Iringa mjini*

JIBU: Simu yako ni nzima, shida ni taa. Umeme wetu unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi zinafifia na kuwaka mara 100, jicho halioni ila kamera inaona. Ingia setingi za kamera tafuta fremu 25 kwa sekunde, kama haipo fungua modi ya Pro uweke spidi ya shata 1/50 au 1/100. Ikishindikana zima taa, fungua dirisha, mkalishe mtu ageukie mwanga. Rekodi sekunde tano kwanza, usiangalie uso wake, angalia ukuta nyuma yake, mistari ikipotea endelea.