LUT ikiwahi, shela linaungua

SWALI: Kaka habari za kazi. Nashuti harusi na sendofu hapa Morogoro, kamera naiweka S-Log3 (ile picha iliyopauka ya Sony, ya kuja kurekebisha rangi baadae). Kwenye kuediti naanza na LUT (lile faili la kugeuza rangi za picha) ndo nashusha mwanga, lakini shela la bibi harusi linakuwa jeupe tupu halina hata mkunjo, nikishusha linageuka kijivu, na sura zinaenda kwenye machungwa. Nianze na nini jamani?

JIBU: Salama mdogo wangu. Hapo LUT imewahi. LUT ya kutoa S-Log3 kwenda Rec.709 (rangi za kawaida za TV) inategemea picha ishakaa sawa, Sony wanaweka kijivu cha kati kwenye asilimia 41 ya kipimo cha mwanga wa video na nyeupe kwenye 61, sasa wewe ukumbini unapandisha mwanga kukwepa chenga (zile punjepunje za gizani), shela linapita hapo, LUT inaibana ile sehemu ya juu au inaikata kabisa, ukija kushusha baadae unashusha kitu ambacho mikunjo yake ilishapotea. Shusha kabla ya LUT uone, kama kamera iliinasa inarudi.

Kwenye programu ya DaVinci Resolve nodi (vile visanduku vya hatua za kurekebisha rangi) zinaenda kushoto kwenda kulia, kila moja inapokea kilichotoka kwa mwenzake. Kwahiyo ondoa chenga kwanza kama zipo (inakula sana kompyuta), halafu mwanga na weiti balansi (nyeupe ionekane nyeupe), ndo LUT. Na hii LUT iwashe mapema ili uone matokeo, ila mkono wako ufanye kazi kwenye nodi iliyo kabla yake. Baada ya hapo kontrasti na ukolezo wa rangi, kisha fananisha klipu zote za tukio moja, usiguse sura ya mtu hata mmoja kabla hujamaliza hilo maana utarudia kila klipu.

Ngozi sasa. Usiamini macho saa nane usiku, fungua vektaskopu (kile kipimo cha duara kinachoonyesha rangi), kuna mstari wa ngozi pale, mtu mweusi sana na mweupe sana wote wanaangukia karibu na mstari huohuo, wanachopishana zaidi ni mwanga. Ndo maana nakuomba sana usiwapaushe watu ili eti wapendeze, bibi harusi mweusi atoke mweusi anang'aa.

Rangi za kisinema ziweke mwisho kabisa, tena kidogo.

Zile taa za zambarau za ukumbini zikishameza rangi ya uso hakuna nodi ya kuirudisha vizuri, ongea na MC mapema azizimishe wakati wa keki.