Re: Semina za magari ya umeme kwa maafisa wa halmashauri, zina maana au ni posho tu?

Mkuu, zina maana, ila inategemea nani anakaa kwenye kiti. Wakipelekwa wakubwa tu, hapo ndiyo posho na chai ya saa nne.

Mimi ningeanza na ofisa manunuzi. Akizoea kulinganisha bei ya kununulia tu, gari la umeme litashindwa kila zabuni, maana unafuu wake uko kwenye mafuta na sevisi za miaka inayofuata.

Halafu wa mipango miji akae na TANESCO wapige hesabu: chaja 10 za kilowati 7 zikiwashwa pamoja ni kilowati 70. Transfoma ya mtaa ya kVA 100 (uwezo wake ni karibu kilowati 100 au pungufu kidogo), yenye nyumba na mashine za kusaga juu yake, itapumulia wapi?

Zimamoto nao wasisahaulike. Betri ya lithiamu ikizimwa inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.

Juzi hapa Unga Limited, Arusha, fundi kafungua boneti ya gari la umeme, kashika waya wa rangi ya chungwa kwa mkono mtupu. Nikampigia kelele. Ule ndio wa volti mia kadhaa, na wanaokagua gereji hawajui pia.