Pindua Kasha Kabla Hujalipa: Niliyojifunza Kuhusu Alama za Umri Kwenye Gemu

Mwanangu alipokuwa na miaka minane nilimnunulia gemu ya mpira wa miguu. Mbele ya kasha palikuwa na namba 3 kwenye mraba wa kijani, nami nikaridhika. Kama inamfaa mtoto wa miaka mitatu, wa minane atadhurika na nini?

Wiki ya pili nilipita nyuma yake nikamkuta ametulia mno. Padi imelala mapajani, macho yamejaa machozi, na hedifoni ziko masikioni. Nikazivua nikajivika. Sauti ya mtu mzima ilikuwa ikimporomoshea matusi kwa sababu timu yao imefungwa goli. Nilizima kila kitu, nikamkumbatia, na usiku huo nikaanza kusoma maana halisi ya ile namba.

Nilichokikuta kinapaswa kujulikana na kila mzazi: alama ya umri hupima kile ambacho mtengenezaji ameweka ndani ya gemu. Haipimi maneno ya mgeni anayecheza na mwanao kupitia intaneti. ESRB, chombo kinachotoa alama Marekani na Kanada, hulisema hilo waziwazi: mawasiliano ya wachezaji mtandaoni hayamo katika alama yake. Huweka pia onyo kwamba wachezaji wanaweza kuwasiliana. Kwangu mimi onyo hilo lina uzito kuliko namba yenyewe. Siku hizi kabla ya kumkabidhi mtoto gemu yoyote naingia kwenye mipangilio, nafunga mazungumzo ya sauti, kisha nafungua kwa watu tunaowafahamu tu.

ESRB ilianzishwa mwaka 1994. Mwaka mmoja kabla, maseneta wa Marekani walikuwa wamewaita wenye kampuni za gemu kujieleza, hasa kwa sababu ya damu iliyokuwa ikionyeshwa katika Mortal Kombat. Kampuni zikaona heri zijiwekee utaratibu zenyewe kuliko kusubiri kuwekewa na serikali. Ulaya walikuja na PEGI mwaka 2003, yenye ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18. Ya 3 na 7 ni za kijani, 12 na 16 za rangi ya machungwa, 18 nyekundu. ESRB hutumia herufi: E ni ya watu wote, T ni kuanzia miaka 13, M kuanzia 17. Ujerumani na Japani wana mifumo yao, ndiyo maana usishangae gemu moja kupewa umri tofauti nchi hadi nchi. Jamii hazifanani katika yanayozitia hofu.

Namba inakuambia umri, lakini sababu iko nyuma ya kasha. Kwenye makasha ya PEGI utaona vipicha vidogo: ngumi ni ukatili, buibui ni mambo ya kutisha, sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari. Gemu mbili zinaweza kuwa na 12 zote, moja kwa ajili ya lugha chafu na nyingine kwa ajili ya mapigano. Mpwa wangu huangalia mapanga yakigongana bila kutikisika, lakini mweke kwenye ujia wenye giza na mlango unaokwaruza, usiku huo halali mtu nyumbani. Kwake yeye buibui ndiye wa kuangaliwa, hata kwenye gemu yenye 7. Mtoto wako wewe unamjua, waliotoa alama hawamjui.

Na namba haisemi lolote kuhusu ugumu wa kucheza. Gemu ya chesi inaweza kupewa 3 na bado ikamshinda mtu mzima.

Kuna kipicha kingine nilichokipuuza nikajuta: mkono ulioshika kadi. Kilianza kuwekwa mwaka 2018 kuonyesha kwamba ndani ya gemu kuna vitu vya kununua kwa fedha halisi. Tangu 2020 huongezwa maelezo pale ambapo unalipa bila kujua utapata nini hadi ufungue sanduku. Binti yangu alifungua masanduku hayo jioni nzima akitafuta vazi moja la mhusika wake, na kadi yangu ilikuwa imehifadhiwa mle bila nywila ya ununuzi. Hakuwa na nia mbaya. Kila sanduku lilimwambia amebakiza kidogo. Weka nywila leo, kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu.

Kwenye simu nakuwa mwangalifu zaidi. Gemu ni nyingi mno kukaguliwa moja moja, kwa hiyo ulibuniwa mfumo uitwao IARC, ambao Google Play huutumia. Mtengenezaji hujaza dodoso kuhusu yaliyomo, na majibu yake huzalisha alama kwa kila eneo la dunia. Majibu yanaweza kusahihishwa baadaye wakaguzi wakigundua kasoro, lakini siku ya kwanza unategemea ukweli wa aliyejaza. Mimi hutazama kwanza video ya mtu akiicheza, dakika kumi na tano hivi, na siishii mwanzoni kwa sababu hatua za mwanzo huwa nyepesi.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa jingine. Nilipomfungulia mwanangu akaunti niliweka tarehe yangu ya kuzaliwa ili niharakishe. Mtambo ukamhesabu kuwa mtu mzima, na vizuizi vyote vinavyofuata alama za umri havikumgusa. Ilibidi nimfungulie akaunti ya mtoto upya, naye akapoteza hatua zote alizokuwa amefikia. Alilia, na alikuwa na haki ya kulia.

Sasa ana miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita alinijia na kasha lenye 16, tayari amelipindua. "Mama, ni ngumi na lugha chafu, buibui hayupo." Tukakaa pamoja tukatazama video yake nusu saa. Kulikuwa na sehemu mtu anateswa akiwa amefungwa kitini, na mwanangu mwenyewe akageuza uso. Tumeirudisha, na tumekubaliana tutaitazama tena atakapotimiza kumi na minne.